Dakika Tatu za Mwanzo

Mwalimu wetu wa Kiingereza alipomaliza muda wake mwaka 1990 na kurudi kwao Marekani, aliacha katika nyumba ya shule kitanda, stovu ya mafuta ya taa na katoni ya kaseti. Kitanda kilichukuliwa na karani, stovu ikaenda kwa mpishi. Katoni alinipa mimi. Jioni nyingi nilikuwa nikisimama nje ya dirisha lake nikisikiliza, mpaka siku moja akaniambia niingie nikae kitini kama mtu.

Shule yenyewe ilikuwa Siaya, mbali na lami. Redio zetu zilitupa salamu, matangazo ya vifo na benga. Muziki wa roki niliusikia kwake kwa mara ya kwanza, na katika katoni ile kulikuwa na kaseti moja ambayo sijawahi kuitoa mikononi mwangu tangu hapo. Ni TDK ya dakika 90, haina picha wala karatasi ya kiwandani, ila maandishi ya kalamu ya buluu: Grateful Dead, Barton Hall, 5/8/77.

Mwalimu alinieleza kwamba bendi hiyo ilikuwa ikiwaruhusu mashabiki kurekodi maonyesho yake. Mwaka 1984 waliwatengea hata sehemu yao ukumbini, nyuma ya meza ya fundi wa sauti, wasimamishe maikrofoni zao bila kuzuiana na watu. Kati ya warekodi hao kulikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: kanda haiuzwi. Mtu akikuomba, unamnakilia. Naye akiombwa, ananakili. Akaniambia pia kwamba usiku ule watu walipotoka ukumbini walikuta theluji inaanguka.

Theluji hiyo ilinisumbua miaka kumi na zaidi. Mimi nilisoma tarehe kama tunavyoisoma sisi, tarehe tano Agosti, na katika jiografia tulifundishwa kwamba Agosti huko ni kiangazi. Jibu nililipata mwaka 2003 katika saiba moja ya Oginga Odinga Street, Kisumu. Wamarekani hutanguliza mwezi. Onyesho lilikuwa tarehe 8 Mei 1977, katika Chuo Kikuu cha Cornell, na theluji ya Mei kule ni ajabu kweli, lakini hutokea. Tangu siku hiyo nikiandika tarehe juu ya kanda yoyote, naandika mwezi kwa jina lake.

Kilichoninasa katika kaseti ile ni nyimbo zilizokataa kuisha. Kuna mahali nyimbo mbili zimeunganishwa bila pumzi na kwenda zaidi ya dakika 25, gitaa likitangatanga, likirudi, likiondoka tena. Mtu aliyelelewa kwa sahani za benga ataelewa kwa nini jambo hilo lilinigusa. Sahani ndogo ya mizunguko 45 hubeba dakika nne, tano hivi, kila upande. Wanamuziki wetu walikuwa wakipiga zaidi ya hapo, kwa hivyo wimbo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza unaimbiwa habari yote, kisha gitaa likianza tu kuchemka, sauti inafifia. Unainuka, unageuza sahani, unaweka sindano, na upande wa pili unakuta moto tayari umekolea. Nyumbani kwetu mgeuzaji wa sahani za D.O. Misiani nilikuwa mimi. Utotoni niliamini kabisa kwamba wakati nageuza, bendi ilikuwa inaendelea kupiga humo ndani, na kwamba kuna muziki tulioukosa kwa sababu ya uzito wa mikono yangu.

Na kwa kweli sikuwa mbali na ukweli. Sehemu kubwa ya muziki hubaki studioni. Hao hao Grateful Dead walitoa wimbo wao Dark Star mwaka 1968 katika sahani ndogo, hata dakika tatu haufiki. Mwaka uliofuata, katika albamu ya Live/Dead, wimbo ule ule ulichukua dakika 23. Mpenzi wa kawaida atasema wimbo ni mmoja. Mkusanyaji atakuambia ni viumbe viwili, na atauza mbuzi amtafute wa tatu.

Mimi nikawa mkusanyaji. Nilijua habari za zile kanda ambazo Bob Dylan na wenzake wa The Band walizirekodi mwaka 1967 katika nyumba moja karibu na Woodstock, bila nia ya kuzitoa kama albamu. Jinsi zilivyovuja, baadhi zikatokea mwaka 1969 katika sahani ya magendo yenye jalada jeupe tupu. Jinsi kampuni ilivyotoa sehemu yake mwaka 1975. Na jinsi ilivyobidi kungoja hadi 2014 ndipo karibu zote zitolewe, rekodi zaidi ya 130. Habari kama hizo nilizikusanya kama wengine wanavyokusanya matokeo ya Gor Mahia.

Lakini habari iliyoniharibu ilikuwa nyingine. Mwaka 2002, katika soko la mitumba mjini New York, mtu alinunua sahani isiyo na jalada kwa senti 75. Ilikuwa ya majaribio, iliyokatwa mwaka 1966, ina nyimbo za albamu ya kwanza ya Velvet Underground kabla hazijachanganywa upya. Mwaka 2006 iliuzwa kwenye mnada wa intaneti kwa dola 25,200. Nilipiga hesabu papo hapo mbele ya kompyuta ya saiba: zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Nilitoka pale nikiwa mtu mwingine. Kabla ya siku hiyo nilikuwa natafuta muziki nisioujua. Baada yake nilikuwa natafuta kitu ambacho mwenzangu hana.

Jumapili zangu zikahamia Kibuye. Anayelijua soko lile siku ya Jumapili anajua: viatu, mapazia, vyuma vya baiskeli, redio zilizokufa, na mahali fulani katikati, gunia la sahani. Nilijifunza kuzisoma. Sahani unaishika ukingoni, unailaza kidogo juani, mwanga unakuonyesha mikwaruzo ambayo macho ya kivulini hayaioni. Kisha unatazama ile sehemu tupu karibu na karatasi ya katikati, ambapo mistari ya muziki imeishia. Pale pana herufi na namba zilizochorwa kwa mkono au kugongwa, na hizo husema ukweli kuliko jalada, kwa sababu jalada hubadilishwa. Karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu huenda ni sahani ya majaribio, ile ambayo kiwanda huchapa chache ili wenye kazi wasikilize kabla ya kuchapa maelfu. Na ukiinua sahani ukaiona nzito kuliko rika zake, chungulia ukingo na tundu la katikati: ukiona aluminiamu inang'aa chini ya weusi, umeshika iliyokatwa moja moja kwa mashine. Hiyo usiiwekee sindano ovyo. Utando wake ni laini, na kila ukiicheza unaimaliza.

Pale Kibuye niliipata, bila jalada, sahani ya Black Savage, vijana wa Nairobi waliopiga roki miaka ya 1970, na kati yao alikuwamo Job Seda, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Ayub Ogada. Bendi hiyo ndiyo iliyorekodi Kothbiro, yaani mvua inakuja, miaka mingi kabla Ogada hajaupiga tena kwa nyatiti, kinubi cha Kijaluo. Mwaka 2018 Kanye West alichukua kipande cha Kothbiro ya Black Savage akakitia katika wimbo wake Yikes, na vijana wa mtaani kwangu wakaanza kuniuliza kama kweli mlio ule ni wetu. Niliwapigia sahani. Lakini hapo natangulia mbele ya habari yenyewe.

Mwaka 2009 muuzaji mmoja wa Kibuye, aliyechoka kuniona nikigeuza gunia lile lile, aliniambia kwamba Kajulu kuna mama ambaye marehemu mumewe alikuwa akipiga gitaa la solo katika hoteli na kumbi za Kisumu, na kwamba mama huyo ana "tepu kubwa ya mviringo". Nilipanda Kajulu siku hiyo hiyo.

Alikuwa mama wa miaka sitini hivi. Kanda ya rili ilikuwa ndani ya kopo la biskuti, imefungwa kwa kitambaa. Mumewe alifariki mwaka 1994, mashine ya kuichezea iliuzwa kabla ya hapo kulipa karo, kwa hivyo kwa zaidi ya miaka kumi na tano ile kanda ilikuwa ni kitu cha kushika tu. Alinieleza kilichomo. Ilirekodiwa mwaka 1978 siku ya mazoezi, maikrofoni moja imening'inizwa juu ya kiti. Yeye alikuwa amewapelekea chakula cha mchana, mtoto mgongoni.

"Mwanzo kabisa utasikia mtoto analia," alisema. "Huyo ni kifungua mimba wangu. Baba yake akamwambia neno, wote wakacheka. Halafu ndio wakapiga."

Nilimpa shilingi 800. Hakutaja bei, bei niliitaja mimi, na ilikuwa ndogo, na nilijua ni ndogo. Alitaka jambo moja tu: nimnakilie kwenye kaseti, kwa sababu kaseti angeweza kuicheza kwa redio ya mwanawe. Nikamwambia, "Mama, wiki mbili tu."

Mashine niliipata Nakuru, Akai ya zamani, katika mnada wa vitu vya nyumba, nikarudi nayo kwa basi nimeipakata. Usiku ule niliweka kanda. Kukaja vishindo vya viti, mtu anakohoa, sufuria inafunguliwa, mtoto analia karibu sana na maikrofoni, sauti ya mwanamume inasema kitu, kicheko. Yapata dakika tatu hivi. Nilikuwa na kidole juu ya kitufe. Nilipeleka mbele.

Kisha wimbo. Sahani yake ninayo, pande mbili, jumla dakika nane na kidogo. Hapa uliendelea dakika kumi na tisa. Ampulifaya yao ilikuwa ndogo na walikuwa wameikamua hadi mwisho, kwa hivyo gitaa la solo lilikuwa linakwaruza kwa namna ambayo katika sahani mafundi wa studio waliisafisha. Ridhimu ni benga tupu, besi inaruka kama kawaida yake, lakini juu yake gitaa linaunguruma kama la roki, na mahali sahani inapofifia ili ugeuze, wao hawakupumzika kabisa. Muziki niliouwazia utotoni, ule uliokuwa ukiendelea wakati nageuza, ulikuwa huu hapa. Nililia. Sisemi hivyo kwa mapambo.

Niliisikiliza mara moja, nikaifunga.

Wakati huo nilikuwa nimeshazoeana kwa barua pepe na mkusanyaji wa ng'ambo. Nilipomsimulia, akaniandikia kwamba angelipa vizuri sana, mradi hakuna nakala nyingine. Nakala ikitoka, alisema, kesho iko kwenye intaneti, na kitu kilicho kwenye intaneti hakina mwenyewe. Maneno yake niliyaona ya busara. Nikaamua nisimnakilie mtu yeyote mpaka biashara iishe. Mtu yeyote, akiwemo yule mama.

Alinipigia simu mara mbili mwaka huo. "Nyathina, mwanangu, tepu imefika wapi?" Nikasema mashine imeharibika. Mashine ilikuwa mezani, nzima. Mara ya tatu hakupiga.

Mnunuzi naye alikuwa mtu wa kungoja. Mara anabadilisha kazi, mara anahama nyumba, mara ananiambia bei ya soko imeshuka. Ile kanda ikakaa juu ya kabati, ndani ya kopo lake, chini ya mabati ya Manyatta, miaka sita. Kisumu ni mji wa joto na unyevu wa ziwa, hilo hata mgeni wa siku moja analijua. Mvua moja ya masika mabati yalivuja upande ule wa kabati. Nilipangusa kopo kwa nje.

Mwaka 2015 mnunuzi alinitaka nimtumie kipande cha kuonja. Nilipoweka kanda, ilitembea nusu mzunguko, ikaanza kulia kama breki za lori, ikasimama. Juu ya kichwa cha mashine kulikuwa na tope la rangi ya kahawia. Tope hilo ndilo muziki wenyewe. Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa vumbi la chuma kwa gundi. Sauti iko katika vumbi. Kanda nyingi za miaka ya 1970 zilitengenezwa kwa aina ya gundi ambayo hunywa unyevu wa hewa taratibu, mwaka hadi mwaka, mpaka inageuka ulimbo. Ukiilazimisha ipite, gundi inabaki kwenye mashine pamoja na vumbi lake, na sauti imekwenda.

Nilikwenda kwa fundi wa redio pale Kondele, mzee aliyefanya kazi hiyo tangu enzi za valvu. Nikamwamkia, nikamweleza. Akasikiliza, akaniuliza swali moja: "Na nakala iko wapi?"

Sikuwa na jibu.

Dawa ya gundi hiyo ni kuioka. Hilo linashangaza watu, lakini ndivyo hata maktaba kubwa za sauti zinavyofanya: joto la nyuzi 54 hivi, saa nyingi, ili unyevu utoke, kisha una wiki chache tu za kuinakili kabla haijarudia hali yake. Mzee alikuwa na sanduku la mbao alilolitumia mkewe kulea vifaranga. Tukaongeza balbu, feni ndogo ya kompyuta na kipimajoto, tukalijaribu siku nzima likiwa tupu mpaka joto lilipotulia. Kanda ikakaa humo saa nane, yeye akiigeuza kila baada ya saa moja kwa mikono miwili kama mtu anayegeuza chapati ya mgonjwa.

Gundi ilipona. Kilichotushinda ni ukungu. Pale maji ya mabati yalipopenya kopo, mizunguko ya nje ilikuwa imeshikana, na tulipoifungua, rangi ya kahawia ya mzunguko mmoja ilibanduka na kubaki mgongoni mwa mwenzake. Mzee aliinua kipande dirishani. Kilikuwa kinapenya mwanga kama nailoni. Mafundi wa studio wenye adabu huhifadhi kanda ikiwa imeishia mwisho, bila kuirudisha, hivyo mwanzo unakaa ndani karibu na kitovu. Mimi niliirudisha mwanzo ili iwe tayari kwa mnunuzi. Kwa hiyo kilichokuwa nje, kilichonyeshewa, kilikuwa mwanzo.

Wimbo ulitoka wote, dakika kumi na tisa. Zilizopotea ni zile tatu nilizozirusha.

Katika siku hizo nilimkumbuka mwalimu. Onyesho la kaseti yangu lilirekodiwa na fundi wa bendi mwenyewe, Betty Cantor-Jackson. Baadaye maisha yalimgeukia, kanda zake zikafungiwa ghala, na mwaka 1986 zikapigwa mnada kwa watu mbalimbali waliotaka tu vitu vya ghalani. Nyingine zilikaa katika mazingira mabaya mpaka zikashika ukungu. Lakini onyesho la Cornell lilitembea, kaseti kwa kaseti, mkono kwa mkono, likafika hadi katoni moja huko Siaya. Maktaba ya Bunge la Marekani ililiingiza katika orodha yake ya mwaka 2011 ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa kwa taifa, na mwaka 2017 likatolewa rasmi, miaka 40 baadaye. Kwa miaka mingi kabla ya hapo lilikuwa hai kwa sababu watu hawakuwanyima wenzao. Nilipewa bure kitu hicho pamoja na sheria yake, nikakitunza kitu, sheria nikaiacha katika katoni.

Mpwa wangu, anayejua programu za sauti, aliusafisha wimbo: akaondoa mchirizo, mngurumo wa umeme, kila kelele. Ukatoka mzuri, mweupe. Nikaununulia redio ndogo inayochukua flashi, nikapanda Kajulu.

Alikuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini alinijua. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nilimpigia wimbo. Akasikiliza wote, dakika kumi na tisa, mkono juu ya goti, kidole kimoja kikifuata besi. Ulipoisha akasema, "Na mtoto?"

Nikamwambia, "Mama, mtoto hayupo. Niliiweka vibaya ikaharibika." Nikamwambia pia kwamba mashine haikuwahi kuharibika, na kwamba nilimnyima kwa sababu ya pesa. Alinyamaza kwa muda. Kuku walikuwa wanaparura nje.

"Wewe ulimsikia?"

"Nilimsikia, mama. Mara moja."

"Baba yake alimwambia nini?"

Nikajitahidi. Ilikuwa Kijaluo, ilikuwa fupi, watu walicheka. Zaidi ya hapo sikuwa na neno hata moja. Mimi ndiye mtu pekee duniani niliyesikia sentensi hiyo katika miaka ishirini, na sikuwa nimeisikiliza.

Mnunuzi nilimwandikia wiki hiyo kwamba haiuzwi. Na hata ningeuza, ningemuuzia plastiki tu. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inatofautisha kanda na kilichomo. Haki za wapigaji na watunzi hazihami kwa shilingi 800 na kopo la biskuti. Hilo wakusanyaji wenzangu wengi hatupendi kulifikiria.

Siku hizi nikiitwa nyumba ya mtu kuona sahani au kanda, naenda na mashine yangu. Nanakili pale pale sebuleni, mwenyewe akiwa ameketi, kuanzia sauti ya kwanza hadi ya mwisho, kukohoa na kufungua sufuria pamoja. Nakala yake inabaki mezani kwake kabla sijavaa viatu. Mara nyingi hata kanda yenyewe siichukui. Namwonyesha tu jinsi ya kuiweka, imesimama wima, mbali na mabati na ukuta wenye maji. Nakala niliyonayo nampa anayeomba. Na sisafishi kitu bila kubakiza ile chafu. Hili la mwisho nililijua kwa njia ifuatayo.

Miezi miwili baada ya Kajulu nilikuwa nasikiliza nakala ghafi, ile ambayo mpwa wangu hakuigusa, kwa hedifoni, usiku, stima za jirani zimezimwa. Kabla wimbo haujaanza kuna kimya cha sekunde kumi hivi, mchirizo mtupu. Ndani ya mchirizo huo nikasikia kitu. Nikaongeza sauti. Nikarudisha. Kilikuwa kilio cha mtoto, kidogo sana, kama kinatoka nyumba ya tatu.

Asubuhi nilikuwa kwa mzee wa Kondele kabla hajafungua duka. Alivaa hedifoni, akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali. Akanieleza. Kanda ikikaa miaka imejizungusha, kila mzunguko unagusana na wa chini yake, na sauti kali ya mmoja huacha kivuli cha sumaku kwa mwenzake. Kanda hii ilirekodiwa kwa mwendo wa inchi 3¾ kwa sekunde. Mzunguko mmoja wa nje wa rili ile ni karibu sekunde sita. Mtoto alilia kwa nguvu mdomoni pa maikrofoni, sekunde sita kabla ya mahali kanda ilipoanza kupona. Mzunguko wenyewe ulibanduka. Kivuli chake kilikuwa kimeshapita chini. Programu ya mpwa wangu ilikihesabu kuwa kelele, ikakifuta.

Nilipanda Kajulu na hedifoni. Nilimweleza mama asitarajie makubwa, ni sekunde mbili, na huenda asisikie. Alivua leso kichwani ili masikio yakae vizuri. Nikabonyeza.

Hakusema kitu. Akainua kidole: rudisha. Nikarudisha. Akainua tena.

Mara ya nne alinyosha mkono akaomba simu yangu. Mwanawe anafanya kazi Mombasa, ana watoto wake sasa. Alipopokea, mama hakumsalimu. Alivua hedifoni, akaishikiza sehemu moja kwenye simu kwa mikono yote miwili, akanitazama.

Nikarudisha tena.